Bwawa la Udongo na Daftari Lake



Naomba nafasi kidogo katika karatasi yetu hii nitie neno juu ya jambo ambalo wengi wetu twalipita njiani kila siku wala hatulitazami, nalo ni bwawa dogo la udongo. Nitasema habari za kazi yake, na adui zake, na mwisho wajibu wetu sisi watu wa kalamu.

Mgeni afikaye Kasulu au Kibondo mwezi wa Januari hucheka asikiapo ya kuwa huku tuna shida ya maji. Aona vilima vya kijani, na migomba, na ukungu wa asubuhi, na njia zilizogeuka matope; tena aambiwa ya kuwa mto Malagarasi wapita katika nchi yetu hata kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Basi asema, "Watu hawa walalamikia nini?" Lakini na aje mwezi wa Agosti. Mvua yetu huanza Oktoba au Novemba, nayo hukoma mwezi wa Mei; kisha ni jua tu. Maji ya Januari hayakutungoja. Yamekwisha teremka mlimani mbio, yakichukua na udongo wa mashamba yetu, na yule mama aliyekanyaga matope mbele ya mlango wake siku za mvua sasa ashika ndoo alfajiri, ashuka bondeni kuvizia chemchemi itoayo tone kwa tone. Shida yetu basi si uchache wa mvua, bali ni kukosa ghala ya kuiwekea.

Bwawa la udongo ndilo ghala hiyo, wala si jambo geni katika nchi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulipoanzishwa mwaka 1947, malambo na mabwawa yalikuwa miongoni mwa kazi zake kubwa. Kwetu Buha mambo yalikwenda njia nyingine. Miaka ya 1930 watu walihamishwa na kukusanywa kwa sababu ya malale. Kuanzia mwaka 1972 wakakusanywa tena katika vijiji. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ndugu zetu wa Kongo, na mwaka 2015 Nduta ikafunguliwa tena kwa ajili ya Warundi. Simlaumu mkimbizi, maana mwenye kiu haulizwi kabila. Nasema hili tu: kila mara watu waliongezwa mahali pamoja, lakini maji ya mahali pale hayakuongezwa, na miti iliyoshika udongo wa vilima ikaenda jikoni.

Sisi makarani twapenda hesabu, basi na tufanye hesabu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku. Kijiji cha watu 2,000 kitahitaji lita 50,000 kwa siku, na kwa siku 150 za kiangazi ni mita za ujazo 7,500. Haya ni ya watu. Sasa chukua bwawa lenye uso wa hekta moja. Tukikadiria kwamba jua hunyonya milimita 5 kwa siku, basi kwa siku zile zile 150 litanyonya milimita 750, nazo katika hekta moja ni mita za ujazo 7,500. Tazameni ajabu hii, ndugu: jua litakunywa sawasawa na kijiji kizima, wala halichangii senti. Kwa hiyo mwenye kujenga bwawa pana lenye kina kifupi ajenga sahani ya kulishia jua. Bwawa jema ni lile la bonde jembamba, lenye kina, ambalo uso wake ni mdogo kwa kadiri ya maji yake.

Adui wa pili ni matope. Mabwawa ya Ikowa, Matumbulu na Msalatu huko Dodoma, na Kisongo karibu na Arusha, yalipimwa na wataalamu, na habari zake zikatolewa mwaka 1972. Ikaonekana ya kuwa mchanga na matope vyaweza kula nafasi ya maji upesi kuliko wajenzi walivyotazamia. Sababu haikuwa katika ukuta, ilikuwa juu ya mlima, katika shamba lililolimwa kwa kushuka na malisho yaliyokanyagwa na ng'ombe. Kwa hiyo mwenye kutaka bwawa Kibondo na aanze na mlima wake: makingamaji yakatwe kwa kukingama, na nyasi ziachwe kandokando ya kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa maji, au kazi ziwezazo kuyadhuru. Nasi twaijua, lakini twalima mpaka ndani ya tope.

Adui wa tatu ni maji yenyewe. Ukuta wa udongo hauogopi maji yaliyotulia ubavuni mwake. Waogopa maji yapitayo juu yake au ndani yake. Ndiyo sababu hujengwa kwa udongo wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, kila moja ikilowanishwa kidogo na kushindiliwa kabla ya nyingine. Ndiyo sababu huachwa mfereji mpana ubavuni wa kupitishia maji ya ziada. Na ndiyo sababu ukuta hupandwa nyasi wala si miti, kwa kuwa mizizi ikioza huacha tundu. Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, bwawa la Patel huko Solai, katika kaunti ya Nakuru, Kenya, lilivunjika baada ya mvua nyingi likaua watu zaidi ya 40. Nayataja haya kwa sababu maji yaliyokusanywa ni baraka yenye meno.

Sasa nakuja kwetu sisi, nami nitaanza na kosa langu. Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, kamati ya maji iliona tundu katika ukuta wa bwawa lao, kazi ya fuko, upana wake kama mkono wa mtu. Wakaandika barua mwezi wa Juni kuomba fundi wa kuwaonyesha namna ya kuziba, na magunia machache. Nguvu ya mikono walikuwa nayo wenyewe. Barua ile ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ikapelekwa meza ya pili, ikarudishwa kwa kukosa kiambatisho, ikapelekwa tena. Mvua ya Novemba haikungoja kiambatisho. Ukuta ukapasuka usiku. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu, lakini mashamba ya maharage ya bondeni yalifunikwa na mchanga, na kiangazi kilichofuata wake wa kijiji wakarudi kwenye chemchemi ya tone kwa tone. Katika mikono iliyoipitisha barua ile, mmoja ulikuwa wangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa na ufa juu ya meza yangu, nikauweka katika jalada.

Watu wengine husema tuache mabwawa, tuchimbe visima, maana bwawa huleta mbu na kichocho, tena huleta ugomvi wa wafugaji na wakulima. Visima na chemchemi ni vyema, wala sisemi maji ya bwawa yanywewe bila kuchujwa na kuchemshwa. Lakini mifugo, na bustani, na matofali, vyote vikingoja maji ya kisima kimoja, kisima hakitatosha. Bwawa huzungushiwa ua, na ng'ombe hunywea katika birika chini ya ukuta, wala hawaingii majini. Na ugomvi hauletwi na bwawa. Waletwa na bwawa lisilo na kanuni.

Kwa hiyo naleta shauri la mambo matatu. Kwanza, kila bwawa liwe na daftari lake, na mti wenye alama usimamishwe majini. Kila wiki iandikwe tarehe, kimo cha maji, hali ya ukuta, fedha iliyoingia na iliyotoka, na daftari hilo lisomwe mbele ya watu katika mkutano mkuu wa kijiji. Pili, barua ya ukuta wa bwawa isihesabiwe kuwa barua kama nyingine; ipewe siku saba, na karani aliyekaa nayo zaidi aandike jina lake na sababu. Tatu, kila mwezi wa Agosti ukuta utembelewe kwa miguu, kabla ya mvua. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imekwisha weka habari za vibali na usalama wa mabwawa, na Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, ulianzishwa mwaka 2019. Sheria tunayo, ofisi tunayo. Kilichopungua ni mtu wa kuinuka kitini.

Watangulizi wetu walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, walitaka mtu wa kalamu aheshimiwe. Mimi naona heshima hiyo yapimwa kijijini mwezi wa Agosti, mama aendapo bondeni na ndoo akakuta maji.

Nimekoma hapa. Mwenye shauri lililo bora kuliko hili na aliandike, nami nitafurahi kulisoma.

Ni mimi ndugu yenu,
Karani wa Nyanda za Juu, Kasulu