Kuta za Nyumba Zetu

Leo twataka kusema nanyi habari za kuta. Jamaa nyingi hutoa fedha nzuri kununua ua la plastiki au picha ya mlima wa ng'ambo wenye theluji, iliyopigwa kwa mashine kwa maelfu. Hatuwalaumu. Lakini je, wajua kwamba baadhi ya wachoraji wa Kongo waliojulikana kwanza huko Ulaya walianzia kwenye ukuta wa nyumba ya udongo?

Mwaka 1926, Mbelgiji mmoja, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni, alikuwa Bukama, kando ya mto Lualaba. Huko aliona nyumba zilizopambwa kwa picha, akamtafuta mwenye mkono ule. Ndiye Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Mke wake, Antoinette, naye alikuwa mchoraji. Thiry akawapa karatasi na rangi za maji, nao wakachora juu yake kama walivyozoea kuchora ukutani. Picha za Lubaki zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929, Geneva mwaka 1930, na Paris mwaka 1931. Ukuta wa udongo haudumu, mvua huuosha. Karatasi ndizo zilizobaki, nazo ziko mbali nasi.

Tuwatazame pia Wakuba wa Kasai. Mwanamume hufuma kitambaa kwa nyuzi za rafia, kisha mwanamke hukaa nacho na sindano yake. Hupitisha uzi chini ya nyuzi za kitambaa, huukata karibu sana kwa kisu kidogo, na ncha zake husimama laini kama mahameli. Hana karatasi ya kufuatisha. Mistari na pembe zote zimo kichwani mwake, naye hubadilisha umbo katikati ya kazi apendapo. Ndiyo maana upande mmoja wa kitambaa haufanani sawasawa na mwingine. Mtu asiyejua hudhani amekosea. Kitambaa kimoja chaweza kumshika miezi mingi, maana yampasa pia kulima na kupika. Mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, Henri Matisse, yule aliyepamba kanisa dogo la Vence lililobarikiwa mwaka 1951, alitundika vitambaa vya Wakuba ukutani mwa nyumba yake, apate kuvitazama akiwa kazini. Yeye aliona mafundisho pale ambapo wengine wetu twaona kitu cha kizee cha kufungia mizigo!

Wala tusidhani kwamba watu wa mjini hawakuwa na chao. Katika miaka ya 1960 na 1970, huko Katanga, nyumba za wafanyakazi wa migodi na za makarani zilikuwa na picha za mkono katika chumba cha wageni. Wachoraji walizichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakazitembeza nyumba kwa nyumba kwa bei ambayo mtu wa mshahara mdogo aliiweza. Wengi walinunua Mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, anayesemwa kuwa huleta utajiri. (Sisi hatumtegemei kwa utajiri, lakini magamba yake yalichorwa vizuri.) Wengine walichagua kijiji cha wazee, au askari wa wakati wa Wabelgiji akimpiga mfungwa kwa fimbo. Picha kama hizo waliziita ukumbusho. Mgeni aliuliza, baba akaeleza, na watoto wakasikia mambo ambayo hawakuyapata katika vitabu vya masomo.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora mwaka 1973 na 1974 picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yote. Leo zinatunzwa katika jumba la makumbusho la Amsterdam. Nazo zile zilizonunuliwa na jamaa zetu? Nyingi zilichakaa kwa moshi na unyevu, zikatupwa. Hilo latuuma, maana pamoja nazo yalitupwa maelezo ya baba.

Enyi akina mama, kitu kimoja cha mkono chatosha kupamba chumba, kikipewa nafasi yake. Msimpunguzie fundi bei hata asiweze kununua rangi nyingine. Nanyi wanafunzi, msinakili tu maumbo ya Wakuba katika daftari. Mwombeni bibi anayejua awaonyeshe jinsi sindano inavyopita.

Picha ya rangi isitundikwe karibu na jiko wala penye jua kali. Kitambaa cha rafia kikung'uteni mara kwa mara, wadudu wasikile. Na nyuma ya picha andikeni kwa kalamu ya risasi jina la aliyeichora, mahali na mwaka, siku ile ile mnapoinunua, wakati yeye mwenyewe angali pale mlangoni na aweza kuwatajia jina lake vizuri.