Gharama ya Kosa Ibebwe na Nani?

Kila wizi unapokithiri mitaani husikika kilio kimoja: adhabu ziongezwe ukali. Sisi tunasema kuwa ukali pekee hautoshi.

Mwaka 1968 mchumi wa Marekani Gary Becker, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992, aliandika kwamba mhalifu hupima faida ya kosa dhidi ya mambo mawili: uwezekano wa kukamatwa na uzito wa adhabu. Basi kifungo cha miaka 30 hakimtishi anayejua kuwa atatoa hongo na kwenda zake. Becker aliipendelea faini kuliko jela, kwani jela huigharimu jamii nzima.

Lakini hapa pana dosari, ndugu msomaji. Faini iliyo sawa kwa wote si adhabu iliyo sawa. Kwa tajiri ni bei ya kununulia kosa. Kwa fukara asiye na cha kulipa hugeuka kifungo. Finland iliifungamanisha faini na kipato cha mkosaji tangu mwaka 1921. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa Nokia alitozwa euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kwa kasi, kabla ya kiasi hicho kupunguzwa katika rufaa.

Sayyidna Umar bin Khattab (Radhi za Allah ziwe juu yake) alitazama mbali zaidi. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba watumwa wa Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Umar alipobaini kuwa bwana wao huwaacha na njaa, alimtoza bwana huyo dirham 800, mara mbili ya thamani ya ngamia. Gharama ya wizi akambebesha aliyeusababisha.

Je, leo tunambebesha nani? Mwajiri anayezuia ujira wa kibarua kwa miezi kadhaa haulizwi. Kibarua akiiba kuku hufungwa. Tanzania inayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha hakimu kumpa mkosaji kazi ya jamii badala ya kifungo. Itumike ipasavyo. Nasi misikitini tutenge fungu la sadaka kuwalipia faini mafukara waliofungwa kwa kukosa fedha kidogo, na waajiri walio katika safu zetu walipe ujira kwa wakati. Huko ndiko kuziba mlango wa wizi kabla mwizi hajabisha hodi.

Wabillahi tawfiq.