Presha Haijapona, Imeshikiliwa



Huku Villawood simu za nyumbani tunazipiga usiku, maana kwao ndiyo mchana. Na siku hizi habari ya presha haikosi. Mzee anasema, "Vidonge nimeacha mwanangu, nilipima juzi iko sawa, nimepona." Wengi hujibu, "Tunamshukuru Mungu." Mimi nasema jibu hilo ni la hatari.

Mimi ni mtu wa umeme, si daktari, lakini hili kwa kweli ni jambo la umeme. Seli za misuli ya mishipa ya damu zina vijilango vya kupitisha kalsiamu, ambayo nje ya seli ni kama mara 10,000 ya ile ya ndani. Volti ya seli ikibadilika, mlango unafunguka, kalsiamu inaingia, msuli unakaza, mshipa unabana.

Mlango ukibaki wazi seli itaumia, kwa hiyo unajifunga kwa njia mbili. Kwanza, volti ile ile iliyoufungua ikiendelea, inaufunga. Pili, kalsiamu ikishaingia hunaswa na protini iitwayo kalmodulini iliyokaa pale mlangoni, na mlango unafungwa. Yaani wageni wakizidi, wao wenyewe ndio wanaofunga mlango! Brehm na Eckert walilionyesha jambo hili mwaka 1978 kwa Paramecium, kijidudu cha majini. Mlango uliojifunga hivyo ni kama swichi iliyojikata kwa mzigo: haufunguki tena mpaka volti irudi chini, upumzike.

Sasa amlodipini, kidonge wanachomeza wazee wetu wengi, hupenda kushika milango iliyokwisha kujikata. Misuli ya mishipa hukaa kwenye volti ambayo milango mingi iko hivyo kuliko kwenye moyo. Ndiyo maana mishipa inalegea bila moyo kusumbuliwa sana. Na si dawa ya Wazungu tu: utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha vizuri kuliko ule usio nayo.

Lakini jamani, kidonge hakitengenezi mlango, kinaushikilia tu. Tena amlodipini hutoka mwilini polepole. Huchukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu. Mzee akiacha Jumatatu, Jumatano kipimo bado kinaweza kuwa kizuri, naye anaamini amepona. Baada ya siku chache milango imeachiwa, presha inapanda, na presha haipigi hodi.

Wapo watakaosema kwetu mtoto hamfundishi mzazi. Sawa, heshima ibaki. Lakini hela ya dawa si tunatuma? Basi tutume na maelezo. Dawa ikimletea shida, kama kuvimba miguu, arudi kwa daktari abadilishiwe, asiache kimya kimya.

Kwa hiyo ukipiga simu leo, baada ya shikamoo usiulize tu, "Presha inaendeleaje?" Uliza, "Vidonge vimebaki vingapi?"

Ni hayo tu. Wasalaam.