Mtwarwa wa Mwisho

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Ndiyo maana watu wengi hujitahidi kuandika historia za mababu zao, na jambo hilo ni jema. Leo nataka kukusimulia jinsi nilivyoiandika historia ya babu yangu mzaa baba, nikadhani nimeimaliza, kumbe nilikuwa nimeandika nusu tu.

Mwezi Desemba uliopita ukoo wetu ulikutana nyumbani, huko Kianja, mkoani Kagera. Shauri lilikuwa moja: kibanja cha babu. Walikuwapo vijana, na baadhi yao si vijana tena, waliotaka kiuzwe na fedha zigawanywe, kwa kuwa wao wanaishi mijini na hawana haja ya migomba. Walikuwapo wengine waliosema kuwa makaburi hayauzwi. Ndani ya kibanja hicho anaishi shangazi yangu, binti wa kwanza wa babu, mwenye umri wa miaka 78. Mimi niliombwa nisome historia ya babu kabla ya mazungumzo kuanza, ili kila mtu ajue ni jasho la nani linalotaka kugawanywa.

Kwa msomaji asiyeijua nchi ya Wahaya, yafaa nieleze kwanza kibanja ni kitu gani. Ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Katikati ya migomba hupandwa mibuni, na chini yake maharagwe. Nje ya makazi ya watu kuna rweya, yaani mbuga ya nyasi. Mgeni apitaye huko huona udongo mweusi wenye rutuba ndani ya kibanja, na hatua chache tu nje yake huona udongo hafifu wa rweya, akadhani kuwa Mwenyezi Mungu aliigawa ardhi ile kwa upendeleo. La hasha! Mvua za kando ya Ziwa Viktoria ni nyingi, nazo huosha rutuba ya ardhi. Udongo wa kibanja umetengenezwa na binadamu: kwa nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, kwa samadi ya ng'ombe, kwa majivu na maganda ya jikoni, mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi. Kibanja kisipotunzwa hudhoofika, na mwishowe nyasi hukitwaa.

Basi nikasoma. Babu alizaliwa, kwa hesabu ya wazee, katika mwaka ule Waingereza walipoushambulia mji wa Bukoba na kuwapiga Wajerumani, nao ni mwaka 1915. Baba yake alikuwa mtwarwa. Katika desturi ya nyarubanja, Mukama aliweza kumpa mtu wake mkubwa eneo lenye vibanja vya watu ndani yake. Tangu siku hiyo wenye vibanja wale wakawa watwarwa wa bwana huyo. Walilima palepale walipolima baba zao, lakini sasa walidaiwa ndizi, pombe na kazi za mikono. Aliyemuudhi bwana aliweza kufukuzwa, akaiacha migomba aliyoipanda mwenyewe. Babu alikua akimwona baba yake akibeba mkungu bora wa shamba kuupeleka kwa mtu ambaye hakuwahi kuushika mpini wa jembe.

Nikasoma habari za buni. Wahaya waliijua kahawa kabla ya wakoloni, lakini hawakuinywa. Buni ilichemshwa, ikakaushwa, ikawekwa akiba nyumbani ili mgeni akifika apewe punje za kutafuna. Katika siku za ukoloni ikawa zao la fedha na la kulipia kodi. Babu alipanda mibuni yake angali kijana. Alikuwapo mwaka 1937, wakulima wa Bukoba walipozipinga amri za serikali ya kikoloni kuhusu kilimo cha kahawa. Alikuwapo pia mwaka 1950 kilipoanzishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, kilichojulikana kama BNCU, nao wakulima wakapata chombo chao wenyewe cha kuuzia. Kwa fedha za kahawa za miaka hiyo babu aliubomoa msonge wa nyasi akajenga nyumba ya bati, akawapeleka wanawe wa kiume shule.

Kisha nikafika mahali nilipopapenda kuliko pote. Mwaka 1965, baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa wakulima waliokuwa chini ya nyarubanja. Baba husimulia kwamba babu alipohakikishiwa habari hiyo alitoka peke yake, akakizunguka kibanja chote polepole, mpaka kwa mpaka, asiseme neno. Aliporudi alikaa chini akasema, "Leo ninalima changu." Nilipomaliza kusoma maneno hayo watu walipiga makofi, na baba mdogo akafuta macho.

Makofi yalipokwisha, shangazi aliomba kusema. Alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, pamoja na wanawake wengine.

"Mwanangu," aliniambia, "umesoma vyema, nakushukuru. Lakini nataka kuuliza. Nyasi alileta nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kurasa 11, na katika kurasa hizo bibi yangu alitajwa mara moja tu, pale niliposema kuwa babu alioa.

Ndipo shangazi akasimulia, naye hakuwa na karatasi. Alisema bibi aliolewa akakikuta kibanja kimechakaa, migomba myembamba, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amefariki na hapakuwa na mtu wa kwenda rweya. Kila siku isiyo na mvua bibi alitoka alfajiri, akakata nyasi, akarudi na mzigo kichwani. Kwanza nyasi zilitandikwa nyumbani, watu wakazikalia na kuzilalia. Zilipochakaa zilitolewa na kutandazwa chini ya migomba. Huko rweya alilima pia njugu mawe kwa jembe la mkono, na ndizo zilizolisha nyumba wakati migomba ilipokuwa haijapata nguvu. Alizaa watoto tisa, akazika watatu. Kahawa ilipouzwa, fedha zilihesabiwa na babu. Bibi hakujua bei yake mpaka alipokufa. Babu alifariki kwanza, na kwa miaka 23 bibi alikitunza kibanja kile akiwa mjane. Miaka tisa ya mwisho hakuona. Aliyemwongoza kwa mkono, akamlisha na kumwogesha, ni shangazi, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika.

"Baba yangu alikuwa mtwarwa wa bwana wake," shangazi akamaliza, "na mama alikuwa mtwarwa wa baba. Baba alikombolewa. Mimi nangoja mniambie mama alikombolewa lini."

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo maneno hayo hayajanitoka. Ubaya wa nyarubanja ulikuwa nini, kama si huu: kwamba mtu aliitengeneza ardhi kwa mikono yake, kisha akaambiwa si yake? Tuliuona ubaya huo ulipotendwa na bwana mkubwa, tukafurahi ulipokomeshwa. Ulipotendwa na sisi wenyewe, ndani ya nyumba zetu, tuliuita mila. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimweka mwana wa kiume wa kwanza kuwa mrithi mkuu, yule ambaye Wahaya humwita musika. Binti aliwekwa daraja la mwisho, na ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia tu, asiiuze. Mjane hakuwa na fungu maadamu marehemu ameacha jamaa wa ukoo. Fungu lake lilikuwa ni kutunzwa na watoto wake.

Mambo yamekwisha kuanza kubadilika. Mwaka 1990, katika shauri lililotoka kwetu Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anayo haki ya kuiuza kama mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatamka kuwa mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Lakini hukumu na sheria haziendi zenyewe mpaka kwenye mkeka wa kikao cha ukoo. Hapana budi mtu azipeleke, na aghalabu mtu huyo ni yule ambaye angefaidika kwa kunyamaza.

Kikao chetu kiliendelea mpaka jioni. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, aliamua kwamba kibanja hakiuzwi, na kwamba yale maeneo mawili yaliyo karibu na nyumba, pamoja na nyumba yenyewe, yaombewe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la shangazi, si kwa kumhurumia bali kwa haki yake. Tuliandika muhtasari, tukatia sahihi. Binamu yangu mmoja alikataa kutia sahihi, akaondoka bila kuaga, wala mpaka leo hajanipigia simu. Sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba ukoo umetoka pale ukiwa na moyo mmoja. Haki ndani ya familia ina gharama yake, na aliyezoea kupata fungu kubwa huona fungu la haki kuwa ni wizi.

Nami nimekwisha kuiandika upya historia ya babu. Safari hii nilimwuliza shangazi jina la bibi wa babu. Alilijua. Wazee wa kiume walikuwa wamenitajia mababu saba kwa pumzi moja, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kunitajia mama wa yeyote kati yao.

Kwa hiyo nakuomba, nawe uandikaye habari za wazee wako, usitosheke kuuliza nani alimzaa nani, nani alijenga nyumba, na nani alilipa kodi. Uliza vilevile nani aliteka maji, nani alileta nyasi, nani alizika watoto na kesho yake akarudi shambani. Uwaulize wale wanaoketi karibu na mlango, tena uwaulize mapema. Shangazi yangu ana miaka 78, na hayo aliyotusimulia siku ile hayakuwa yameandikwa mahali popote.