Afadhali kilomita 506 za kweli kuliko 11 za uongo

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi ndiyo imenifunga. Leo nimerudi na hasira, na sitaandika kuhusu programu. Naandika kuhusu gari. Waliokuja kutafuta msimbo wanivumilie kidogo, mwishoni mtaona ugonjwa ni ule ule.

Binamu yangu ameweka akiba miaka sita, akakopa iliyobaki, akanunua gari jipya. Si mtumba wa Japani tuliouzoea sote, bali jipya kabisa: dogo, lina turbo, gia za mkono, na magurudumu yote manne yanasukuma. Muuzaji alimwahidi mambo mawili. La kwanza, gari lina kilomita 11 tu. La pili, litapandishwa juu ya lori la kubebea magari kutoka bandarini Mombasa hadi Nairobi. Lilipofika, odomita ilisoma 506. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 480. Hesabu hiyo haihitaji tarakilishi.

Binamu akawaka moto. Muuzaji akamjibu kwa upole, "Kaka, hizo ni za kuleta gari tu," akampa mazulia ya bure. Jioni akanipigia simu. Nilidhani analilia injini, kumbe analilia namba. "Si sifuri tena! Siku ya kuuza nitamwambia nini mteja?"

Nikamuuliza: je, wangeliendesha vile vile, kisha wakaficha kilomita, likafika likisoma 11, ungejua? Akanyamaza. "Nisingejua." Na ungefurahi? "Ningefurahi sana."

Haya basi. Ugomvi wangu wa leo uko hapo, na si na muuzaji peke yake, ni na sisi wanunuzi. Tumewafundisha wauzaji kwamba tunanunua namba. Sasa wanatuuzia namba.

Mimi hulishwa na kazi ya kuandika programu, kwa hiyo niwaambie odomita ni kitu gani. Ni namba iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta ya gari. Kinachoweza kuandikwa kinaweza kuandikwa upya. Zipo zana za kurudisha kilomita nyuma, na kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa nyuma ya dashibodi ambavyo huzuia kilomita zisihesabiwe kabisa gari likiwa njiani. Hicho cha pili ndicho kibaya zaidi, maana hakuna kinachofutwa. Kilomita hazikuandikwa popote tangu mwanzo. Kadiri tunavyoshangilia sifuri kwenye dashibodi, ndivyo tunavyomlipa mtu wa kuileta sifuri hiyo kwa njia yoyote ile.

Sasa tuingie ndani ya injini, kwa sababu huko ndiko hasara ilipo.

Injini mpya bado haijazoeana na nafsi yake. Ukuta wa silinda umechorwa mikwaruzo midogo makusudi, ili ringi za pistoni zijisugue taratibu mpaka zikae vizuri. Meno ya giaboksi na ya difu nayo yanasagana mara ya kwanza. Pedi za breki hazijashika diski sawasawa, na tairi mpya bado zina utelezi. Katika kipindi hiki chembe nyembamba za chuma huingia kwenye oili. Hilo ni jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni kulipuuza. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, na injini hukunjwa katika hizo kilomita elfu moja au mbili za kwanza.

Kwa hiyo swali langu kwa muuzaji halikuwa "kwa nini 506?" Swali ni nani aliyeshika usukani, na alilishikaje? Mnaijua ile barabara. Unatoka usawa wa bahari unapanda hadi Nairobi, juu ya mita 1,600. Kuanzia Mariakani uko nyuma ya malori. Dereva wa kukodiwa analipwa kwa safari, si kwa uangalifu. Akiona nafasi ya kupita lori mbele ya Mtito Andei, anakanyaga mpaka chini, na turbo inamwitikia vizuri kweli. Je, alisubiri oili ipate joto alfajiri kabla ya kukanyaga? Odomita haina jibu la swali hilo hata moja. Kilomita 506 za mtu mtulivu ni malezi mazuri. Kilomita 506 za mtu mwenye haraka ni jambo lingine kabisa, na namba ni ile ile.

Kuna watakaosema, "Wacha mambo ya kizamani, injini za siku hizi hutengenezwa kwa usahihi mkubwa, hazihitaji kulelewa." Nusu ya maneno hayo ni kweli, usahihi umeongezeka sana. Lakini mbona watengenezaji wenyewe bado wanaandika masharti? Subaru huwaambia wenye magari yake wasivuke mizunguko 4,000 kwa dakika katika kilomita 1,600 za kwanza. BMW, kwa magari yake ya M, imekuwa na ukaguzi wa kilomita 2,000 tangu zamani, ambapo oili ya injini na ya difu ya nyuma hubadilishwa. Hawa ndio wanaolipa injini ikifa ndani ya dhamana. Hawaandiki masharti kwa kujifurahisha.

Na kabla fundi wa mtaani hajashangilia kwamba nimemuunga mkono, ngoja. Honda husema kinyume: oili iliyotoka kiwandani iachwe mpaka wakati wa servisi ya kwanza ufike, usiimwage mapema. Maana yake hakuna sheria moja ya magari yote. Sheria ya gari lako imo katika kitabu cha gari lako, kile ambacho wengi wetu hukiacha ndani ya karatasi yake ya plastiki mpaka siku ya kuuza.

Kitabu cha binamu kinataka ukaguzi wa mapema. Tukaenda gereji. Kijana wa mapokezi akatucheka: "Gari jipya hili! Rudini elfu kumi." Tukamfungulia ukurasa. Akaenda kumwita mkubwa wake, mkubwa akausoma mara mbili, kisha gari likapandishwa. Oili ya difu ilipomwagwa ilikuwa inametameta kama rangi ya fedha, na bolti yenye sumaku imevaa ndevu za chuma. Fundi mwenyewe akanyamaza. Sisemi gari lilikuwa limeharibika, la hasha, chuma kile ni cha kusagana kwa kawaida. Nasema binamu alikuwa anaambiwa azunguke nacho kilomita 8,000 zaidi kwa sababu mtu hakutaka kusoma ukurasa mmoja.

Na hiyo "elfu kumi" yenyewe ni ya nani? Oili haihesabu kilomita. Inahesabu saa, joto, na mara ngapi injini imewashwa ikiwa baridi. Mtu anayekwenda wastani wa kilomita 80 kwa saa anafika elfu kumi baada ya saa 125. Anayekaa kwenye msongamano wa Nairobi kwa wastani wa 20 anafika baada ya saa 500. Odomita zao zinafanana kama pacha, lakini oili ya mmoja imefanya kazi mara nne ya mwenzake. Kwa injini ya turbo, ambayo huipika oili zaidi, tofauti hiyo si mchezo.

Kuhusu haki: tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Inakataza kumwambia mteja bidhaa ni mpya ilhali si mpya, au kwamba imetumika kwa kiasi kisicho cha kweli. Lakini hiyo hiyo inakubali matumizi ya kadiri ya kuitayarisha, kuijaribu na kuifikisha. Neno "kadiri" ndilo mlango ambao muuzaji wa binamu alipitia. Mlango huo hufungwa na mkataba tu, na binamu alikuwa na ahadi ya mdomo.

Basi, unayetaka kununua gari la nguvu, jipya, fanya hivi:

1. Andikeni kwenye mkataba gari litafikishwaje. Likija likiendeshwa, bei inashuka kiasi gani? Liandikwe kabla hujalipa.

2. Odomita ipigwe picha bandarini na tena siku ya kukabidhiwa. Uliza pia kama kompyuta ya gari inahifadhi saa za injini, kisha zisomwe. Saa tisa za injini juu ya kilomita 11 ni hadithi ndefu.

3. Soma kitabu kabla ya kugeuza ufunguo. Uwe na tarehe, kilomita na risiti ya kila servisi kuanzia ile ya kwanza.

4. Siku ya kuuza ikifika, mwonyeshe mnunuzi kumbukumbu hizo kwanza, namba baadaye.

Nilisema ugonjwa ni ule ule. Katika kazi yetu, mkubwa akiamua kupima kazi kwa idadi ya mistari ya msimbo, wiki ijayo atapata mistari mingi sana na programu mbovu. Mwenye akili hudai historia: nani alibadilisha nini, lini, na kwa nini. Gari nalo ni hivyo. Binamu sasa ana kilomita 2,300, karatasi zake zote kwenye faili, na bado analia kuhusu zile 495. Nimemwambia angalau muuzaji wake alimdanganya kuhusu lori, hakumdanganya kuhusu odomita. Ajaye, tukiendelea kudai sifuri, hatakuwa na bahati hiyo.

Ni hayo tu kwa leo.