Fundi wa Nyumbani: Petroli Inayovuja Uani

Mama mmoja wa Koboko, mwalimu wa shule ya msingi, ametuandikia barua kuhusu gari lake aina ya Toyota Corona la miaka ya 1990. Asema ya kwamba kila asubuhi gari hilo huchelewa kuwaka, na afunguapo boneti husikia harufu ya petroli. Fundi wa kando ya barabara alilizungushia bomba kipande cha tyubu ya baiskeli, akamwambia aendelee na safari zake za Arua bila wasiwasi. Mama huyo ataka kujua kama yafaa kungoja mshahara wa mwisho wa mwezi, maana gari hulala uani, hatua chache tu kutoka jikoni.

Jibu letu ni kwamba haifai, hata kwa usiku mmoja. Kinachowaka hasa si petroli ya majimaji bali mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi, bali hutambaa chini, ukajikusanya penye shimo au pembe ya ukuta, na waweza kuifikia sigiri iliyo mbali na gari lenyewe. Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kuwaza habari ya vipuri, gari lisukumwe kwa mikono mpaka mahali pa wazi, mbali na jiko na taa ya mafuta, na watoto wasicheze karibu nalo. Lisiwashwe ili kusogezwa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Mafundi wengi wa makamo walijifunza kazi kwa magari ya kabureta, ambamo pampu husukuma petroli kwa nguvu ndogo, kiasi cha ratili 3 hadi 6 kwa kila inchi ya mraba. Gari la nozeli ni jambo lingine. Katika injini nyingi za Toyota za wakati huo, petroli husukumwa kwa ratili 38 hadi 44, yaani zaidi ya upepo wa tairi la gari dogo, ambao ni ratili 30 hivi. Tyubu ya baiskeli haiwezi kuzuia nguvu hiyo. Isitoshe, mpira wa aina ile hulainishwa na petroli, ukavimba na kupasuka. Hali kadhalika kipande cha sabuni, ambacho madereva wetu hupaka kwenye tundu la tangi ili wafike nyumbani, hakina kazi yoyote katika bomba la nozeli.

Hata kule kuchelewa kuwaka kwaeleweka. Injini inapozimwa, msukumo fulani wa petroli hapana budi ubaki bombani hadi kesho yake. Penye uvujaji msukumo huo huisha usiku, na asubuhi pampu huanza kazi upya.

Ukaguzi ufanywe asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa tochi ya betri na wala si kiberiti. Mmoja awashe injini kwa muda mfupi, mwingine atazame bila kugusa kitu. Aghalabu petroli hutokea kwenye maungio ya chujio, au kwenye mipira iliyokauka na kupasuka karibu na tangi, au chini ya nozeli, penye vile vipete vya mpira. Kuna mahali pengine ambapo mafundi hupasahau, napo ni kwenye kirekebishi cha msukumo. Chomoa kijimpira chembamba kinachotoka hapo kwenda kwenye injini. Ukikuta petroli ndani yake, utando wa kirekebishi umechanika, nacho hubadilishwa kizima.

Kabla ya kufungua ungio lolote, nguvu iliyomo bombani itolewe. Fungua kifuniko cha tangi, kisha chomoa fyuzi au plagi ya pampu, washa injini na kuiacha ijizimie yenyewe. Jaribu kuiwasha tena kwa sekunde chache, zima ufunguo, halafu ondoa waya hasi wa betri. Ungio lifunguliwe polepole, limezungushiwa kitambaa. Fundi asiyefanya hivyo hurushiwa petroli machoni, na tumewaona.

Katika kununua vipuri, msomaji asimamie mwenyewe. Mpira uwe wa magari ya nozeli. Ule wa kabureta wafanana nao kwa macho na bei yake ni ndogo, lakini hautadumu. Kwenye mipira mingi iliyo sahihi pamechapwa herufi R9. Vibano viwe vyenye ukingo laini, maana vile vyenye matundu hukata mpira. Washa za shaba zilizo kwenye boliti ya chujio zisirudishwe tena, kwani zikikwisha kubanwa mara moja hazizibi vizuri. Vipete vya nozeli navyo viwe vipya, na vipakwe petroli kidogo kabla ya kuingizwa ili visijikunje.

Neno moja kuhusu chujio. Tangu miaka ya 1980, Arua ilijulikana kwa vijana walioitwa OPEC, ambao waliuza petroli ya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka katika chupa na madumu barabarani. Mafuta ya madumu huweza kuwa na maji na uchafu, na gari kongwe lililoyanywa kwa miaka mingi huwa na chujio lililoziba. Ikiwa hilo la kwako lafunguliwa kwa sababu ya uvujaji, badilisha lote kwa safari moja.

Kazi ikiisha, washa injini hapo hapo penye uwazi na kuiacha iungurume kwa dakika kumi, huku ndoo ya mchanga mkavu au kizima moto cha unga kiko karibu. Maji yasitumiwe kamwe, maana petroli huelea juu yake na moto ukasambaa. Pitisha kidole kikavu kwenye kila ungio lililoguswa. Rudia hivyo kesho yake asubuhi kabla ya safari, na tena baada ya kwenda Arua na kurudi.