Seva ya chama imezeeka, nani ataigusa?

Kuna seva mahali inakutumikia na hujawahi kuiona. Labda ni ya ile apu ya chama chenu, ambayo kijana fulani wa kampasi aliwaundia mwaka wa 2021 mlipochoka na kitabu cha mweka hazina. Ukilipa, jina lako linatokea. Ukikopa, riba inahesabiwa. Sasa hebu muulize kijana huyo: seva hiyo inatumia mfumo endeshi gani, na ulisasishwa lini mara ya mwisho?

Akinyamaza, jua kimeumana.

Nauliza kwa sababu mwisho wa Mei 2025, Ubuntu 20.04 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida. Ubuntu ni aina ya Linux, na ndiyo inayoendesha nyingi ya seva za bei nafuu tunazokodi sisi mahasla. Toleo la kudumu hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na hupewa viraka vya usalama kwa miaka mitano. Muda ukiisha, mashine haizimiki. Hakuna taa nyekundu, hakuna SMS. Apu inaendelea kupokea pesa kama kawaida, ila kila tundu jipya likigunduliwa linabaki wazi, na wadukuzi husoma habari za matundu hayo kuliko wewe na mimi. (Wenzetu wa CentOS 8 waliona vibaya zaidi: waliahidiwa huduma hadi 2029, ikakatwa mwisho wa 2021.)

Unadhani natisha watu? Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kwenye Windows. Mei mwaka uo huo kirusi cha WannaCry kikapita papo hapo na kufunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, hadi wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Kiraka kilikuwepo miezi miwili. Hakikuwekwa tu.

Mbona watu hawaweki? Wavivu wapo, lakini wengi wetu tunaogopa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na seva ya chama kimoja cha akina mama hapa Kayole niliirithi kwa jamaa aliyeenda kutafuta kazi Qatar. Jumamosi moja usiku nikajiambia acha nimalize hii kitu. Nikapandisha 20.04 hadi 22.04 juu kwa juu, kwenye mashine ileile yenye data. Sikujua kwamba PHP ingeruka kutoka 7.4 hadi 8.1 kwa mpigo huo. Makosa ambayo ile ya zamani ilikuwa inayakemea tu, mpya iliyakataa kabisa. Apu ikafa.

Jumapili ni siku ya mkutano. Watu wakalipa kwa M-Pesa, pesa zikaingia kwa akaunti ya chama, lakini seva yangu haikuwa hai kupokea taarifa. Mweka hazina akanipigia: "Kijana yangu, mbona naonekana sijalipa?" Sikuwa na jibu. Nilikaa hadi Jumatatu jioni nikiingiza malipo moja baada ya lingine kwa mkono.

Siku hizi siguzi mashine inayofanya kazi. Nakodi ya pili kwa mwezi mmoja, kama shilingi 800, naweka 24.04 ikiwa safi, kisha narudisha bekapu hapo. Hatua hiyo pekee inakuonyesha kama bekapu yako ni ya kweli au ni faili tupu. Najaribu malipo ya uongo, narekebisha apu, halafu ndio nahamisha anwani. Kama huna nafasi sasa, Ubuntu Pro ni bure hadi mashine 5, na itailinda 20.04 hadi 2030. Ichukue, lakini jua unanunua muda tu.

Suala linalonikera ni la pesa. Chama kililipa kuundiwa apu mara moja, kikadhani kimemaliza, na aliyebaki na funguo halipwi chochote. Ilhali humo mna majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ikivuja na kuhatarisha watu, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Kamati yenu inajua hilo?

Yangu haikujua. Nilipoomba 800 na malipo ya siku moja, mama mmoja akaniuliza, "Si hiyo kitu ilishaundwa?" Nikamuuliza paa la nyumba yake aliliangalia lini. Wakacheka, wakapitisha.

Huduma ya 24.04 inaisha 2029. Mweka hazina ameiandika kwenye kile kitabu chake cha zamani.